Gari linalala zima, Jumatatu linaamka maiti (Fielder ya 2012)

Mkaaji wa Umoja
Jumatano, saa 3:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Nimefika mwisho wa akili, nisaidieni.

Nina Toyota Fielder ya 2012, nililinunua kwa mtu, si yadi. Tangu Aprili gari hili limekuwa na tabia za mlevi. Katikati ya wiki linawaka kwa mguso mmoja. Jumatatu alfajiri nikigeuza ufunguo linapiga tak-tak-tak, halafu kimya. Na si kila Jumatatu! Lingegoma kila Jumatatu ningejua pa kuanzia. Linaweza kukaa wiki tatu likiwa na adabu, ukaanza kulisifu mbele ya watu, kisha kesho yake linakuaibisha getini.

Mpaka sasa nimefanya haya. Fundi wa kwanza aliitazama betri, akaigonga kwa spana, akasema imekufa. Nikanunua NS60 mpya, elfu tisa na mia tano. Baada ya mwezi ikalala, nikabadilishiwa kwa waranti. Fundi wa pili akasema betri haina kosa, oltaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, ndiyo haichaji. Tukafunga nyingine iliyotumika Japani, elfu kumi na mbili pamoja na kazi. Wiki tatu raha mustarehe. Jumatatu hii iliyopita, tak-tak-tak.

Ni otomatiki, kwa hiyo hata vijana wa boda hawawezi kunisukuma. Jirani yangu siku hizi akiniona natoka na nyaya za jampa hanisalimu, anaenda moja kwa moja kufungua boneti yake.

Kuna jambo jingine sijui kama linahusiana. Mara mbili limezimika likitembea Outering Road, hapa Nairobi. Nikavuta pembeni roho mkononi, nikageuza ufunguo, likawaka kama halikufanya lolote.

Fundi wa tatu anataka kubadilisha stata, ile mota ya kuwashia injini. Nimpe?

Kijana wa Githurai
Saa 3:52 usiku

Uza hiyo gari. Imerogwa.

Shangazi Probox
Saa 4:15 usiku

Mkaaji, usimpe mtu hela ya stata kwanza. Swali moja tu: ni nini kimefungwa ndani ya hilo gari baada ya kutoka Japani? Alamu, traka ya kufuatilia gari, redio, taa za mapambo, kamera ya nyuma? Taja kila kitu.

Nauliza kwa sababu Probox yangu ilinitesa mwaka mzima. Nikiwasha indiketa ya kushoto, taa ya breki nayo inapepesa, lakini siku za mvua tu. Nilibadilisha balbu mara tatu na swichi ya breki mara moja. Mwishowe kijana mmoja alifungua taa ya nyuma akanionyesha skrubu ya athi, ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi. Ilikuwa na kutu ya kijani mpaka inapukutika. Umeme ukikosa njia ya kurudi nyumbani unapita kwa jirani, ndiyo maana indiketa ilikuwa inarudishia umeme wake kwenye breki. Kupiga msasa, kukaza, basi. Alinidai mia mbili.

Na acheni kuoshewa injini kwa mashine ya presha huko mnakooshea magari. Yale maji yanaingia kwenye soketi na hayatoki.

Nyaya na Fyuzi
Saa 5:05 usiku

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, niko Kariobangi Light Industries. Nitaandika kwa urefu, atakayechoka aruke.

Mkaaji, una magonjwa mawili, na umeyaweka kwenye kitanda kimoja. Betri kuisha gari likiwa limelala ni kitu kimoja. Injini kuzimika barabarani ni kitu kingine. Hebu kumbuka: siku lilipozimika Outering, taa za dashibodi ziliwaka au zilikufa zote? Zikifa zote pamoja na redio, tazama teminali za betri na waya mkubwa wa athi. Zikibaki zinawaka, betri iko kazini, kilichokatika ni moto wa injini au wa pampu ya mafuta. Jibu hilo litatuokolea siku mbili.

Sasa betri. Nunua mita ya kupimia umeme. Mtaa wa Luthuli hukosi ya bei ya kawaida. Gari likiwa limekaa saa kadhaa bila kuwashwa, pima betri penyewe kwenye vichwa vyake. Volti 12.6 ni shibe. 12.4 ni robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na ukifika hapo alfajiri ya Julai usitegemee stata kuzunguka. Kisha washa gari, pima tena, unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.7. Ukiona hivyo, oltaneta inachaji, asikudanganye mtu. Kumwambia mteja oltaneta imekufa bila kupima ni sawa na daktari kukata mguu kwa kusikiliza sauti kwenye simu.

Zote mbili zikiwa sawa, pima kinachonyonya umeme gari likiwa limelala. Toa teminali ya negativu kwa spana namba kumi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampia 10. Gusisha upande mmoja kwenye kichwa cha betri, mwingine kwenye waya ulioutoa, umeme wote wa gari upite ndani ya mita. Mambo ya kuangalia hapo: usiwashe gari wala kugeuza ufunguo mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Funga milango yote, au fungulia wa dereva halafu uisukume ile komeo ya mlango kwa bisibisi mpaka ijifunge, gari liamini mlango umefungwa. Na usisome namba mara moja. Kompyuta za gari huchelewa kulala, nyingine dakika ishirini, nyingine arobaini. Wengi hukosea hapo, wanaona ampia mbili za mwanzo wanaanza kupiga kelele.

Likilala vizuri unataka kuona chini ya 0.05, yaani miliampia hamsini. Ukiona 0.3, 0.5, kuna mtu anakula usiku.

Mzee wa 504
Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Vijana mnapenda kuhangaika. Oltaneta hupimwa hivi: gari likiwa linanguruma, toa teminali ya betri. Likizima, oltaneta imekufa. Likiendelea, ni nzima. Nimefanya hivyo kwa Peugeot 504 yangu miaka na miaka, na halijawahi kunisumbua.

Nyaya na Fyuzi
Saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee. Kwa 504 sikukatalii, lile halikuwa na kompyuta ya kuungua. Kwa haya ya leo naomba mtu yeyote asijaribu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa oltaneta. Ukiitoa ghafla injini ikiwa inazunguka, volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, na zinakopita zinaua: kompyuta ya injini, redio, na hata oltaneta yenyewe kupitia diodi zake. Nimeletewa magari ya namna hiyo. Mteja alikwenda kupima oltaneta, akarudi anatafuta kompyuta ya gari huko Kirinyaga Road.

Mzee wa 504
Saa 1:30 asubuhi

Marahaba. Basi niwaachieni na kompyuta zenu.

Mkaaji wa Umoja
Saa 2:45 usiku

Fundi, Shangazi, asanteni sana. Nimekaa nikakumbuka vizuri. Siku zote mbili taa za dashibodi ziliwaka zote, na redio ilikuwa inaendelea na nyimbo zake kama kwamba sisi si abiria wa gari moja.

Vilivyofungwa: redio ile ya kioo kikubwa ya Android, niliifunga mimi Machi. Kamera ya nyuma, siku hiyo hiyo. Alamu ilikuwepo. Traka sijui, aliyeniuzia alikuwa amechukua gari kwa mkopo, akaumaliza kabla hajaniuzia.

Shangazi Probox
Saa 2:51 usiku

Machi redio, Aprili betri. Unahitaji mganga gani tena?

Nyaya na Fyuzi
Saa 3:10 usiku

Shangazi tulia kwanza, tusimfunge mtu kwa kuwa tu alionekana karibu na duka. Mkaaji, pima. Na hiyo traka, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina lako peke yako? Mkopo ukiwa haujaisha benki huwa imeandikwa kwenye logibuku pamoja na mwenye gari, na hapo usiguse waya wa mtu.

Mkaaji wa Umoja
Jumamosi, saa 4:30 usiku

Logibuku ni langu peke yangu.

Nimenunua mita Luthuli, elfu moja na mia mbili. Yule muuzaji alitaka kunipa ile ya kubana waya bila kuufungua, nikamwambia anionyeshe ikisoma umeme wa betri, akaanza kukohoa. Ilikuwa inasoma umeme wa nyumbani tu. Nawaambia na nyinyi msije mkauziwa.

Matokeo. Injini ikiwa imezimwa kwa saa nne: 12.58. Ikiwa inanguruma: 14.2. Kwa hiyo ile elfu kumi na mbili ya oltaneta nimeitupa mtoni. Nyonyo ya usiku nilipima Alhamisi, nikangoja dakika arobaini nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikipigwa na baridi, mlinzi ananiuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mita ikaniambia 0.02. Sifuri nukta sifuri mbili! Gari halina kosa lolote.

Ijumaa nikarudia vile vile. 0.02 tena. Nikakata tamaa. Leo nimetoka mjini na familia, tumerudi saa moja, nimepima saa mbili kasorobo: 0.51. Nikadhani nimekosea. Nikangoja mpaka saa tatu. 0.51, haisogei.

Nyaya na Fyuzi
Saa 4:48 usiku

Hapo sawa. Umemkamata nje ya nyumba, bado hujamwona uso.

Piga hesabu kidogo uone kwa nini ni Jumatatu. NS60 ni betri ya ampia-saa 45, kwa kawaida yake. Ukiegesha Ijumaa saa moja usiku na usiliguse mpaka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, ni saa 58. Mara 0.51 ni karibu 30. Theluthi mbili ya betri imekwenda. Katikati ya wiki linanyonywa saa kumi tu, ampia-saa tano, asubuhi unaendesha inarudi. Ndiyo maana wikendi ulizotembea hukuona kitu.

Sasa usichomoe fyuzi. Ukichomoa na kurudisha utaziamsha kompyuta zilizolala, na huyo wako anayekuja na kuondoka anaweza kutoroka. Rudisha teminali ya betri kwa namna hii: gusisha waya mwingine wa kupitishia umeme kabla hujatoa mita, gari lisihisi limekatiwa. Kisha weka mita kwenye milivolti. Kila fyuzi ina vitundu viwili vidogo mgongoni vyenye chuma. Gusa kimoja kwa nyekundu, kingine kwa nyeusi. Fyuzi isiyopitisha kitu itasoma 0.0. Inayopitisha itakupa milivolti kidogo, mbili au tatu. Pita moja moja, boksi la kwenye injini na lile la chini ya dashibodi.

Kijana wa Githurai
Saa 4:55 usiku

Fundi wewe ungefanya kazi ya upelelezi ungekuwa mbali.

Mkaaji wa Umoja
Jumapili, saa 12:05 asubuhi

Nimeamka saa kumi na moja na tochi mdomoni. Fyuzi zote 0.0, 0.0, 0.0, mpaka moja kwenye boksi la injini imeandikwa DOME: 2.3.

Nikafungua mlango polepole. Gari zima lilikuwa baridi, vioo vimejaa umande, usukani ukiushika unaganda. Nikaweka kiganja kwenye kioo cha redio. Kilikuwa na joto, joto la pasi iliyozimwa kitambo. Giza totoro, haionyeshi taa hata moja, lakini ndani iko macho. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Miezi mitatu nabadilisha betri, na mgonjwa nilikuwa namshika kila siku nikitafuta kituo.

Shangazi Probox
Saa 12:40 asubuhi

Sitasema kitu.

Nyaya na Fyuzi
Saa 1:15 asubuhi

Nyuma ya redio hizo kuna waya wa manjano na waya mwekundu. Wa manjano ni wa kudumu, unalinda kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa uwe na moto ufunguo ukigeuzwa tu, ndio unaoiambia redio sasa amka, sasa lala. Kuna mafundi hawatafuti waya sahihi wa ufunguo. Wanasokota manjano na mwekundu pamoja, wanafunga tepu, wanamwambia mteja azime kwa kitufe. Ukizima kioo, kompyuta ya ndani inabaki inafanya kazi. Fungua uangalie. Usilazimishe zile klipu za plastiki, zikiwa baridi zinavunjika.

Mkaaji wa Umoja
Saa 11:20 jioni

Nimefungua, na ndugu yangu akanishikia tochi.

Manjano na mwekundu zimesokotwa kwa vidole, zimezungushiwa tepu nyeusi ambayo gundi yake imeshaanza kunata mikononi kama asali. Ndivyo ulivyosema, neno kwa neno. Na nimeelewa kwa nini Alhamisi na Ijumaa ilisoma 0.02. Siku za kazi natembea peke yangu, napenda kimya, nazima redio kwa kukibonyeza kitufe muda mrefu mpaka inazimika kabisa. Nikiwa na familia watoto wanacheza nyimbo, tukifika nageuza ufunguo, nazima kioo, tunashuka na mizigo. Kwa hiyo gari lilikuwa linaniadhibu kwa kutembea na watoto.

Hayo ni ya redio. Nikiwa nimeingiza mkono huko nyuma nikagusa kiboksi cheusi kimefungwa kwa kamba za plastiki. Traka. Haina taa, haijulikani ilikufa lini. Kutoka kwake kuna nyaya mbili nene zinakwenda kwenye rilei, ile swichi inayoendeshwa na umeme, na rilei imekatiza waya mmoja wa gari. Kwenye maungio shaba imekuwa kijani. Nilipoitikisa kidogo ufunguo ukiwa umegeuzwa, nikasikia sauti ndogo kule kiti cha nyuma ikikatika na kurudi.

Nyaya na Fyuzi
Saa 11:41 jioni

Hiyo sauti ni pampu ya mafuta. Ndiyo Outering yako hiyo.

Traka nyingi za mkopo hufungwa na rilei ya kukata mafuta, ili mwenye mkopo akikimbia gari lizimwe kwa mbali. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni maungio ya kusokota bila kuchomelea. Yanakaa mwaka, miwili, gari linatetemeka, shaba inaota kutu, kisha siku moja unapita tuta, waya unaachia na injini inakosa mafuta. Dashibodi inawaka kwa sababu betri haihusiki. Ukigeuza ufunguo waya umeshakaa tena, linawaka. Hakuna mashine ya kusoma kompyuta itakayokuonyesha hilo, kwa sababu ukifika gereji waya uko mahali pake.

Rudisha ule waya wa gari uwe mmoja kama ulivyotoka kiwandani: chomelea kwa risasi, uvike mpira unaonywea kwa joto, fungia kwenye kifungu cha nyaya usicheze. Kama huna kichomeleo njoo Kariobangi, ni kazi ya nusu saa. Mwekundu wa redio upeleke kwenye waya wa ufunguo nyuma ya redio pale pale. Pima kwanza: ufunguo umezimwa sifuri, umegeuzwa kumi na mbili.

Kijana wa Githurai
Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Mkaaji iliwaka?

Mkaaji wa Umoja
Jumatatu, saa 2:30 usiku

Jana nilichelewa kumaliza kwa hiyo ya leo haihesabiki. Lakini limewaka.

Mkaaji wa Umoja
Jumatatu, wiki mbili baadaye, saa 12:15 asubuhi

Nimeliacha tangu Ijumaa jioni bila kuligusa, makusudi, na redio ilikuwa inaimba mpaka tulipofika. Leo kabla ya kugeuza ufunguo nimepima: 12.54. Limewaka kabla jirani hajafungua pazia. Kariobangi nililipa elfu moja na mia tano kwa kazi yote, na fundi akanipa na chai.

Jumamosi nilirudi kwa yule fundi wa oltaneta kumwomba ile yangu ya zamani, maana nilimwachia kama chuma chakavu. Amesema alishaiuza. Kama kuna mtu humu amefungiwa oltaneta ya Fielder iliyotumika mwezi wa Juni, asiwe na wasiwasi. Ni nzima kabisa.